Waumini wa ushirika mmoja, vyama tofauti: kikao cha kuzungumza siasa kiendeshwe vipi?

Mtunza_Daftari
Bwana asifiwe, wapendwa. Nauliza wanaojua kuendesha vikao. Kundi la kujifunza Biblia, watu 14 bila kunihesabu mimi, kisiasa wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Uchaguzi ukikaribia, ama siasa inapigwa marufuku na watu wananuniana chinichini, ama mtu anafungua na "Mkristo wa kweli hawezi kumpigia kura fulani" na mazungumzo yanafia hapo. Maombi ya umoja yapo, hayo msinikumbushe. Nataka utaratibu: nani aseme lini, aulizwe nini, kwa dakika ngapi. Na tunatafuta nini hasa, msimamo wa katikati?

Fundi_wa_Vikao
Shalom ndugu. Naanza na swali la mwisho, maana likikosewa hilo, dakika utakazopanga hazitasaidia kitu. Msitafute katikati. Msimamo wa katikati huwa ni wa tatu, hakuna aliyekuja nao, na watu huukubali kwa mdomo tu ili waende nyumbani. Tafuteni mnapishana *wapi*.

Chora safu tatu ubaoni: LENGO, NJIA, WATU. Chukua suala la wajane. Mmoja anataka serikali iwatunze kwa fedha za kodi. Mwingine anataka kodi ipungue ili familia na kanisa zibaki na uwezo wa kuwatunza. Kwenye LENGO wote wameandika kitu kimoja: mjane asilale njaa. Wanapishana kwenye NJIA, na Maandiko yameamuru mjane atunzwe lakini hayakutaja asilimia ya kodi. Safu ya WATU ndiyo yenye moto: "simwamini yule hata akiapa." Hapo kinachotakiwa ni ushahidi wa mwenendo wa mtu, si aya. Ugomvi mwingi huzaliwa kwenye safu hii ya tatu, halafu unavalishwa kanzu ya safu ya kwanza.

Sasa utaratibu. Dakika 90, suala moja tu. Jozi 7, kila mmoja na wa upande wa pili. Wewe msimamizi usiwe kwenye jozi. A anasema dakika 4, B kimya kabisa, hata kuguna asigune. Kisha B anarudia alichosikia kwa maneno yake, dakika 2. A anajibu "ndivyo" au anasahihisha, na hawaendelei mpaka A aseme "ndivyo". Halafu wanabadilishana. Hiyo ni kama dakika 20 pamoja na masahihisho. Zinazobaki ni za ubao, kundi zima.

Swali lisiwe "unamuunga mkono nani". Liwe na sehemu mbili: *kwa nini suala hili linakugusa,* na *ni kitu gani upande wako mwenyewe kinakupa mashaka?* Sehemu ya pili ndiyo inayofungua mlango. Braver Angels, shirika lililoanza Marekani baada ya uchaguzi wa 2016, hulitumia swali la namna hiyo: idadi sawa ya watu wa pande mbili, upande mmoja unakaa ndani ya duara na kuongea, mwingine unakaa nje kuuzunguka, ukisikiliza tu, kisha wanabadilishana. Mtu akisikia mpinzani wake anakiri kasoro za chama chake bila kushurutishwa, mabega hushuka.

Panapoharibika: kurudia kwa kejeli. A amesema "nahofia misaada inawafanya watu wategemee," B anarudia "kwa hiyo unataka maskini wafe." Usimkemee. Muulize: "Sentensi hiyo mwenzako angeitia sahihi?" Ataanza upya mwenyewe.

Kalamu_Kavu
Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila kuna shimo hapo. Si kila jambo ni la kupokeana kimya. Warumi 14 inazungumzia vyakula na kushika siku, na Paulo anasema kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe. Lakini Wagalatia 2, Paulo huyohuyo anampinga Petro uso kwa uso mbele ya wote, kwa sababu Petro alijitenga na meza ya watu wa Mataifa. Kabla ya kupanga jozi, jiulizeni suala lenu ni la sura ipi. Kipimo changu: je, kundini yupo ambaye sera hiyo inagusa mwili wake, makao yake au riziki yake? Akiwepo, aulizwe faragha kabla, siku kadhaa, na awe huru kukataa. Usimkalishe mtu dakika 4 akisikiliza kama anastahili kuwepo, eti ndiyo mazungumzo.

Pia mwenye cheo cha chama asiendeshe kikao, hata akiwa mwadilifu namna gani. Kila atakapomkatisha mtu, nusu ya chumba itasoma njama.

Halafu tuache kutumia Mathayo mtoza ushuru na Simoni Zelote (jina linalohusishwa na wapinga utawala wa Rumi) kama ushahidi kwamba walipatana kisiasa. Injili zinawataja kwenye orodha moja; walichoambiana njiani hazisemi. Matendo 15 inafaa zaidi. Mitume na wazee walihojiana sana kwanza, ndipo wakanyamaza kusikiliza, na waliyoyaandika mwishoni ni mambo manne tu. Na sura hiyohiyo, Paulo na Barnaba wakaachana kwa kutokubaliana kama Marko achukuliwe safarini. Kwa lugha ya Fundi, LENGO moja, wakavunjika kwenye safu ya WATU. Baadaye, 2 Timotheo 4, Paulo anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa.

Abu_Salama
Mimi ni Mwislamu, nisamehewe kuingia barazani kwa watu. Vikao vyetu vina maradhi hayohayo, na mara nyingi kikao kinavunjikia kwenye kundi la WhatsApp kabla watu hawajakaa. Suratul Hujurat inatupa kanuni mbili za kufanyia kazi: aya ya 6, habari ichunguzwe kabla ya kuchukuliwa hatua, aya ya 11, watu wasidharauliane wala kuitana majina ya kejeli. Kwa vitendo: anayetuma habari aandike imetoka wapi na lini, akishindwa aifute. Sauti na video "zilizosambazwa mara nyingi" zisiingie kabisa. Majina ya utani ya wafuasi wa chama hayatumiki, hata kwa mzaha. Aya ya 9 nayo nzito: inataja makundi mawili yanayopigana, na bado inayaita yote mawili ya waumini.

Mtunza_Daftari
Shukrani sana nyote. Mawili yamebaki. Akisimama mtu na aya moja akasema "imekwisha, Neno limesema"? Na mchungaji akae kwenye jozi?

Fundi_wa_Vikao
Aya iandikwe ubaoni, usiipinge. Muulize iko safu gani. Nyingi zitaangukia LENGO, na hapo hata wa upande wa pili atasema amina. Akisisitiza kwamba ni ya NJIA, aonyeshe neno lenyewe ndani ya aya linalotaja njia hiyo. Wengine wasimjibu kwa aya nyingine. Mkianza kurushiana aya, dakika 90 zimekwenda.

Mchungaji asikae kwenye jozi mara ya kwanza. Watu watamjibu yeye badala ya kujibu swali. Afungue kwa maombi, atoke, arudi dakika 10 za mwisho asomewe karatasi: tunayokubaliana, tunayopishana na yako safu gani, tusiyoyajua bado. Isiwe na majina, na isisomwe ibadani. Na Kalamu_Kavu yuko sahihi kuhusu kumuuliza mtu faragha, mimi nililiruka.

Kalamu_Kavu
Karatasi ikitoka na safu ya "tunayokubaliana" yenye mambo kumi, irudisheni. Kuna watu walinyamaza.