Picha ipi iwe ya mbele: bwawa, bahari, baraza au chumba?

mjukuu_wa_kusini
Asalaam alaykum wakuu. Nyumba imekwisha, fundi rangi kaondoka, na wiki hii nataka kuitia Airbnb na Booking.com niwapangishe wageni, kabla watu hawajaanza kutafuta za Disemba. Nimekwama kwenye picha ya mbele, ile ya kwanza kwenye tangazo. Ninazo nne nzuri: bwawa maji buluu kabisa, bahari imejaa na mnazi mmoja, kitanda cha samadari na chandarua, na baraza yenye mlango wa kuchonga. Mke wangu anataka bwawa, kaka yangu anataka bahari, mimi moyo uko kwenye baraza. Nyinyi mngeweka ipi?

shomari77
Bwawa. Mjadala umefungwa.

bi_mwani
Haujafungwa, Shomari. Mwanangu, nyumba iko wapi? Vyumba vingapi? Unamtaka nani, maharusi wawili au familia yenye watoto? Ufuo uko mlangoni au mpaka upande bodaboda? Umetutajia rangi ya maji tu.

fundilenzi
Ongeza na hili: picha umepiga saa ngapi na kwa nini?

Wengi hawajui kwamba mgeni anaiona kwanza kwenye simu, ndogo kama kiberiti, tena imekatwa pembeni. Mlango wa kuchonga hapo ni doa la kahawia, nakshi zote zimepotea. Baraza ni picha ya tatu au ya nne, mtu akishaingia. Ukifungua tangazo la Airbnb kwenye kompyuta zinatokea picha tano kwa pamoja, kwa hiyo ya kwanza haina haja ya kusema kila kitu. Iseme kitu kimoja, na iwe ya ulalo, usisimamishe simu.

mjukuu_wa_kusini
Samahani wakuu. Ni Jambiani, Zanzibar, vyumba vitatu. Bwawa nimepiga saa saba mchana kwa simu. Baharini ni dakika tano kwa miguu.

bi_mwani
Kwa miguu ya nani?

fundilenzi
Saa saba! Ndiyo maana maji buluu lakini ukuta mweupe umeungua wote. Jambiani inatazama mashariki. Uso wa nyumba unaoelekea bahari upige asubuhi, saa moja na nusu hadi saa tatu. Baada ya adhuhuri jua linahamia nyuma ya nyumba na wewe unapiga kivuli. Bahari ni kinyume chake: alasiri jua liko mgongoni kwako, maji yanatoa rangi yenyewe. Na bahati nzuri siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, hujaa saa kumi hivi jioni.

mshika_funguo
Mdogo wangu, hiyo ya bahari iogope. Sikiliza.

Nasimamia nyumba ya mtu huku huku mashariki, mwenyewe yuko Ulaya. Picha ya mbele aliichagua yeye: maji yamefika kwenye ngazi, ngalawa inaelea. Picha ya kweli, haina hila. Wakaja bwana na bibi wa fungate, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, wamefika saa tano asubuhi. Wenyeji mnajua saa hiyo ya bamvua kuna nini. Bibi kafungua mlango wa mbele, kasimama. Mchanga, mawe, vigingi vya mwani, na maji meupe kule kwenye mwamba. Akaniuliza, "Bahari iko wapi?" Nikamwambia inarudi, akadhani namfanyia mzaha. Bwana kashapiga simu kwenye kampuni kulalamika kwamba picha ni ya uongo. Mimi nabishana kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kuhusu mwezi na maji na mtu wa huduma aliyeko sijui nchi gani. Saa tisa maji yanaanza kufunika mawe, saa kumi yamefika kwenye ngazi vilevile kama kwenye picha, na wao wako kwenye teksi wanakwenda kaskazini. Nusu ya pesa ikarudishwa. Maoni waliyoandika yapo mpaka leo, na mwenye nyumba akaniuliza mimi kwa nini sikuwaeleza mapema, wakati maelezo ya tangazo anaandika yeye!

Tangu hapo picha ya pili pale ni bahari imekupwa. Hajalalamika mtu tena.

kendwa_boy
Ndiyo maana wageni wanakuja kwetu. Kendwa na Nungwi, huku kaskazini, unaogelea karibu saa zote, na jua linazama mbele yako.

shomari77
Na mziki mpaka alfajiri. Hiyo mbona huweki kwenye picha?

mdigo_halisi
Sisi Diani, Kenya, maji pia yanakupwa na wageni wanatembea hadi kwenye mwamba kuangalia samaki wa nyota. Shida ya Diani ni tumbili, wanaingia jikoni wanabeba mkate. Kuna jirani kamweka tumbili kwenye picha ya mbele, eti kivutio, na anajaza kuliko mimi.

bi_mwani
Maji kupwa ni uzuri wake. Mtu anatembea mbali, anaona kina mama kwenye mwani. Lakini msije mkawapiga picha wamejiinamia bila kuwauliza, mkawaweka kwenye tangazo la dola. Wana majina, na wengi hawataki.

shomari77
Narudi pale pale: bwawa. Bwawa halikupwi.

mjukuu_wa_kusini
Kuhusu bwawa, niseme tu kwamba tunatumia nyumba nne pamoja.

bi_mwani
Hehee! Sasa ndo tunaambiwa.

mshika_funguo
Ondoa kabisa pale mbele. Mtu akiona bwawa tupu kwenye picha ya kwanza anajua ni lake, hasomi chini. Akikuta watoto wa jirani wanarusha mpira, hadithi yangu itakuwa yako.

shomari77
Hata hoteli zina bwawa la wote na zinaliweka mbele.

mshika_funguo
Hoteli kila mtu anajua ni hoteli, Shomari. Nyumba mtu anataka faragha.

fundilenzi
Mimi ningepiga upya: asubuhi, umesimama nje, nyumba nzima na paa la makuti, milango wazi, na bwawa lionekane kipande tu pembeni. Kitanda kifuate, bila yale mataulo yanayokunjwa umbo la bata.

kendwa_boy
Bata yana ubaya gani? Wageni wanayapenda.

fundilenzi
Yako kwenye kila tangazo la kisiwa hiki.

shomari77
Rusha droni tu, uonyeshe nyumba na bahari pamoja, dakika tano zitaonekana dakika moja.

mshika_funguo
Droni inataka kibali, si kurusha tu. Na huko kuonyesha tano kama moja ndiko tunakokukataza. Kwanza mjukuu, leseni ya Kamisheni ya Utalii unayo?

mjukuu_wa_kusini
Iko njiani. Nitajaribu kesho asubuhi kupiga ya nje kama anavyosema fundi, ingawa mbele kuna nguzo ya umeme. Mke wangu bado anasema bwawa.

mdigo_halisi
Msikilize mama.

kendwa_boy
Wakuu nje ya mada, mnawaeleza vipi wageni ile bima ya lazima ya dola 44 ya kuingia Zanzibar? Tangu ianze Oktoba 2024 napata swali hilo kuliko la picha. Wanadhani ni mimi nawatoza.

mshika_funguo
Mimi naiandika kwenye ujumbe wa kwanza baada ya kubuku.

shomari77
Makosa hayo. Iandike kwenye tangazo lenyewe, asiyetaka apite.

kendwa_boy
Akipita yeye nalipa mimi umeme?