DC Solar: dola bilioni 1 zimepigwa kwa mitambo hewa na waliotakiwa kuikagua walikuwa wapi???

Wakuu habari zenu. Naomba niongee kwa hasira kidogo maana hii kesi ya kampuni ya DC Solar kule California kila ikitajwa watu wanasema aah matajiri wameibiana wenyewe kwa wenyewe, hapana jamani, humo ndani kuna hela ya kodi ya wananchi na ndio maana inaniuma.

Kwa wasioijua, wenye kampuni ni jamaa anaitwa Jeff Carpoff na mkewe Paulette, walikuwa wanatengeneza mitambo ya sola inayofungwa kwenye trela, unaikokota mpaka kwenye minara ya simu, matamasha au viwanja vya michezo inatoa umeme badala ya jenereta ya dizeli. Wazo zuri kabisa na hapo ndipo ninapochukia zaidi, maana wamelichafua.

Sasa angalieni mchezo ulivyokuwa. Mtambo mmoja waliupachika bei ya dola 150,000. Mwekezaji anatoa 45,000 tu, zile 105,000 zinazobaki zinaandikwa deni ambalo eti litalipwa na hela ya kuikodisha hiyo mitambo. Halafu serikali ya Marekani inampa punguzo la kodi la asilimia 30 ya bei YOTE, piga hesabu, ni 45,000 ile ile! Yaani alichotoa mfukoni kinarudi chote kupitia kodi, sasa nani hapo atahangaika kwenda kuangalia kama trela lipo au halipo??

Na hayakuwepo. Walidai wametengeneza mitambo kama 17,000, waendesha mashtaka wakasema angalau nusu yake haikuwahi kuwepo duniani. Wateja wa kukodisha walikuwa wachache mno kwahiyo wawekezaji wa zamani wakawa wanalipwa kwa hela za wawekezaji wapya, upatu mtupu kuanzia 2011 mpaka 2018. Ili wasishtukiwe wakatengeneza mikataba feki ya kukodisha, mahesabu feki, na mitambo ikaonyeshwa iko sehemu ambazo haipo. Miaka saba!

Na waliopigwa sio watu wasiojua hesabu. Berkshire Hathaway ya bilionea Warren Buffett, kampuni yenye kila aina ya wahasibu na mawakili, 2019 ikabidi itenge dola milioni 377 kwa sababu ya hii ishu. Hivi kweli mmekosa mtu mmoja wa kumpa mafuta ya gari akazunguke ahesabu matrela? Mtu wa kawaida akikosea fomu ya kodi anasumbuliwa mpaka anakonda, nyie mnadai punguzo la mamilioni kwa kitu ambacho hamjakiona kwa macho!

Wakati huo Carpoff na mkewe wanatanua. Magari ya kifahari na ya kizamani zaidi ya 100, timu ya baseball, udhamini wa mbio za magari za NASCAR, majumba mpaka Caribbean na Mexico. Desemba 2018 FBI wakavamia, mwanzoni mwa 2019 kampuni ikaomba kufilisika na wafanyakazi waliokuwa wanafunga paneli kihalali kabisa wakajikuta hawana kazi. Hao ndio sijawahi kuona mtu akiwafungulia uzi.

Carpoff alikiri makosa 2020, Novemba 2021 akala mvua 30, mkewe akapewa 11 na miezi mitatu. Sawa, nimeridhika na hilo. Ila serikali ilikamata mali za kama dola milioni 120 kwenye hasara ya bilioni 1, zilizobaki zimeliwa hivyo. Na kila nikiona kijana anahangaika kuomba mtaji wa biashara ya sola ya kweli halafu anaulizwa utadhani yeye ndiye mwizi, nawakumbuka hawa watu na damu inachemka.

Wanaojua mambo ya kodi humu nielezeni, kwanini punguzo lilitolewa kwa karatasi bila afisa hata mmoja kwenda kuushika mtambo?