Naomba ushauri: mama amempa mtu kitambulisho chake

Ndugu zangu, naomba mnisaidie mawazo. Mamangu anaishi Likoni, Mombasa, kwenye kiwanja kisicho na hati, kama wengi huku Pwani. Sasa kuna mzee wa mtaani, mtu wa msikitini, hata michango ya matanga hushika yeye. Anapita nyumba kwa nyumba akikusanya vitambulisho vya kina mama. Anawaambia mheshimiwa fulani akishinda 2027 hati zitatoka, akishindwa tingatinga linakuja.

Nimemweleza mama kwamba bila kitambulisho au pasipoti uliyojiandikishia huwezi kupiga kura. Akanijibu, "Huyo ndiye aliyemzika babako, leo aniibie mimi?" Hapo nikakosa la kusema. Na hofu ya tingatinga si ya kubuni, watu wamebomolewa kweli, ndiyo maana maneno yake yanaingia.

Likoni tulishayaona. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi kilivamiwa, watu wa bara wakauawa na kufukuzwa. Kuna vijana walioingizwa kwenye uvamizi huo kwa ahadi ya ardhi. (Hiyo ardhi waliipata wapi?)

Sitaki kumvunjia mzee heshima mbele ya majirani. Nianze kwa imamu azungumze naye, au niende moja kwa moja kwa chifu? Na kisiporudishwa, mama akiandikisha polisi kwamba kimepotea ili apate kingine, si atajitia matatani, maana hakikupotea?