Mtangazaji anayefunika solo kwa salamu: wapigaji wa roki laini nao wana majina

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia miezi mingi, ila Jumapili iliyopita uvumilivu umenishinda. Kituo kimoja cha redio hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja, kina kipindi cha roki laini ya Los Angeles ya miaka ya 1970 na 1980, na mtangazaji wake huongea kila mwimbaji anaponyamaza, kana kwamba sehemu isiyo na maneno imewekwa kwa ajili yake.

Safari hii alipiga "Peg" ya bendi ya Steely Dan, ya mwaka 1977. Lilipoingia gitaa la solo akaanza kusoma salamu, na hakunyamaza mpaka solo ikaisha. Solo hiyo waliijaribu wapiga gitaa kadhaa wa kukodiwa, mmoja baada ya mwingine, wote wakakataliwa, mpaka akaja Jay Graydon akazivuta nyuzi zikalia inavyotakiwa. Jasho lote hilo limefunikwa na salamu za shangazi wa Tabata! (Shangazi hana kosa.)

Kisha akapiga "Rosanna" ya bendi ya Toto, akatamka kwa kujiamini kwamba drams zile ni mashine. Nilimtumia ujumbe kumweleza kwamba anayepiga ni Jeff Porcaro, aliyechukua mwendo wa mpiga drams Bernard Purdie akauchanganya na wa mpiga drams mwingine, John Bonham. Ukivaa hedifoni, katikati ya mapigo mazito utausikia mkono wa kushoto ukiigusagusa ngoma ya snea kwa vipigo vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyoufanya wimbo uyumbe kama ngalawa badala ya kukanyaga kama gwaride. Akanijibu kwa vikatuni vitatu vya kicheko. Porcaro huyo na mwenzake wa Toto, Steve Lukather, ndio waliopiga drams na gitaa la rithimu katika "Beat It" ya Michael Jackson, ambayo bwana huyu huipiga karibu kila wiki.

Kinachoniuma ni kwamba sisi tumelelewa na muziki wa dansi, ambamo mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina kabla hajaanza kucharaza, na hata mtoto wa mtaani alijua nani yuko kwenye rithimu na nani kwenye besi. Basi Jumapili ijayo apige "Aja" yenyewe, wimbo uliobeba jina la albamu yenye "Peg", unaokaribia dakika nane, na saksafoni ya Wayne Shorter ikipanda juu ya drams za Steve Gadd, azime maikrofoni.