Barabara ikifungwa magari, wewe ulipitaje? Tupeane uzoefu (Lindi na Mtwara)

Mtu wa Mikindani: Wadau, mtaa wetu wa sokoni umewekwa mapipa huku na huku, magari marufuku, wanachimba mtaro. Nikasema leo mji utasimama. Wapi! Bajaji zimejipenyeza vichochoroni, na mimi niliyezoea kuwasha gari kufuata mkate nikaenda kwa mguu. Kwenu ilikuwaje?

Shangani Boy: Foleni Mtwara? Ya mbuzi au ya watu?

Mama Korosho: Usicheke mwanangu. Subiri msimu wa korosho, malori yajipange kwenda bandarini, ndio utaijua.

Msomi wa Ligula: Mwenye mada hajaota. Seoul, Korea Kusini, mwaka 2003 walianza kubomoa barabara ya juu iliyokuwa inapitisha magari zaidi ya 100,000 kwa siku. Watu walitabiri kiama. Mto Cheonggyecheon uliokuwa umefukiwa chini yake ukafufuliwa, ukafunguliwa 2005, na mji haukusimama. Mabasi yalipangwa upya, wengine wakaacha gari nyumbani. Mjerumani Braess alishaonyesha kwa hesabu mwaka 1968: kuongeza barabara moja kunaweza kuwachelewesha wote.

Shangani Boy: Seoul wana treni za chini ya ardhi kaka. Sisi tuna bodaboda na Mungu.

Konda Mstaafu: Mmenikumbusha Mei 2024, Kimbunga Hidaya. Tunatoka Dar, kufika Somanga, Kilwa, barabara hakuna. Maji yamekula tuta, lami inaning'inia. Nyuma yetu mabasi na malori, mkia huuoni. Wale wauza pweza na samaki wanaogombeaga madirisha yetu, safari hii sisi ndio tuliwagombea, na bei inapanda kila ukigeuka. Maji ya chupa yakaisha. Kulikuwa na mama anawahi mazishi ya baba yake Newala. Mzee akazikwa yeye yuko pale pale, dua anaisikilizia kwenye simu ya abiria mwenzake maana yake ilishazima. Shemeji yangu alikuwa Masasi, anatakiwa kazini Dar. Akazunguka Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro. Kafika miguu imevimba.

Mama Korosho: Innalillahi. Yule mama masikini.

Binti Mchinga: Nami nilikwama siku hizo, upande wa Lindi. Sitaki hata kusimulia.

Msomi wa Ligula: Poleni, ila hiyo ni barabara kukatika, siyo kufungwa. Msichanganye mada.

Konda Mstaafu: Abiria aliyelala kwenye kiti atofautishe nini?

Msomi wa Ligula: Njia mbadala, mzee wangu. Sokoni ukizuiwa una vichochoro vingi. Somanga ukizuiwa, kichochoro chako ni Songea.

Konda Mstaafu: Hapo sawa.

Duka la Saruji: Mnasifia tu. Mtaa ukifungwa mama lishe anauza, mimi nakaa. Nani abebe mfuko wa saruji kichwani?

Dada wa Chuno: Chukua mkokoteni.

Duka la Saruji: Wa mkokoteni nao wamepandisha bei siku hiyo hiyo!

Shangani Boy: Hamia Mkanaledi.

Mama Korosho: Asihame. Wateja wakizoea kwa mwingine hawarudi hata mapipa yakiondolewa.

Binti Mchinga: Konda, huko Songea shemeji alilipa nauli kiasi gani?

Konda Mstaafu: Nilimtumia mimi. Bado hajarudisha.