Binti yangu wa miezi sita na nusu anataka kula kwa mkono wake, na mkwe wangu anaogopa atasakamwa: naomba ushauri

Mama wa Wete

Assalaamu alaykum wazazi wenzangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi na ninaishi Wete, Pemba, nyumbani kwa wakwe zangu. Binti yangu, ambaye ni mtoto wangu wa kwanza, ametimiza miezi sita na nusu. Mpaka alipofika miezi sita nilimpa maziwa yangu peke yake kama tulivyofundishwa kliniki, na alhamdulillahi bado ananyonya vizuri. Sasa umefika wakati wa chakula, na hapo ndipo tuliposhindwa kuelewana nyumbani.

Mkwe wangu humpikia uji wa mchele, akauchuja mpaka ukawa mwepesi kama maziwa, kisha akamlisha kwa kijiko. Mtoto hukaza mdomo, hugeuza uso na mara nyengine hukipiga kijiko kikaanguka. Lakini usiku, tunapokaa kwenye jamvi na mimi nikawa nimempakata, hulitumbulia macho sinia na kunyoosha mkono. Juzi alichota kipande cha muhogo wa nazi kabla sijawahi kumzuia, akakifyonza kwa muda mrefu kwa furaha ambayo sijapata kumwona nayo mbele ya bakuli la uji.

Nimesoma juu ya njia ya kumwachia mtoto ajilishe mwenyewe tangu siku ya kwanza, kwa chakula laini kilichokatwa vipande, bila ya kupondewa wala kulishwa kijiko. Mkunga mmoja wa Uingereza, Gill Rapley, ndiye aliyeieneza, na wazazi wengi huko wanaifuata. Nilipomweleza mkwe wangu, kwanza alidhani ninataka kumlikiza mtoto, akanikumbusha aya ya Suratul Baqara inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Nilipomfahamisha kwamba kunyonya kunaendelea vile vile, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba miaka mingi nyuma mtoto wa nduguye alisakamwa na mwiba wa samaki mbele ya macho yake, na hakupona. Tokea hapo sikuweza kubishana naye.

Nami siwezi kufanya jambo hili kwa siri, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na mtoto kuanzia saa moja asubuhi mpaka ninaporudi saa nane. Ninaomba walioijaribu njia hii wanieleze kama ni salama, kama vyakula vyetu vinafaa, na namna ya kuzungumza na mzee huyu bila ya kuutonesha moyo wake.

Baba wa Jambiani

Waalaykum salaam dada yangu. Watoto wangu wawili wamekula kwa mikono yao tangu miezi sita, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandalia kila niliporudi baharini, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Chakula chetu kinafaa sana. Boga, muhogo uliopikwa ukaiva mpaka ukapasuka, kiazi kitamu, shelisheli la kuchemsha, ndizi mbivu na parachichi, vyote hivi mtoto asiye na meno huvimudu. Kabla ya kumpa, kibane kipande baina ya kidole gumba na cha shahada; kikipondeka bila ya nguvu, ufizi wake utakiponda, na kikikataa, kirejeshe jikoni. Muhogo utoe ule uzi wa katikati. Kata vipande virefu na vinene kama kidole chako, kwa sababu mtoto wa umri huu hushika kwa kiganja kizima na hawezi kukifikia kilichomo ndani ya ngumi yake. Anakula kile kinachochomoza juu. Ndizi inateleza, basi tulikuwa tukimwachia ganda nusu ya chini liwe kishikio, baada ya kuliosha vizuri.

Kuhusu samaki ninamwelewa sana mkwe wako. Nyumbani kwetu samaki wadogo wenye miba mingi hawapewi watoto kabisa. Tulichukua minofu ya jodari au nguru, ambao miba yao ni mikubwa na inaonekana, nikaichambua mara mbili kwa vidole, mara ya pili kwa kufumba macho, kwa sababu kidole huhisi mwiba ambao jicho limeupita. Pweza usimpe. Hata akipikwa saa ngapi, hubaki mgumu na hatafuniki kwa ufizi.

Jambo moja lililonisumbua mwanzoni ni ile hali ya mtoto kutoa ulimi, kukohoa, macho yakamtoka machozi na akafanya kama anayetaka kutapika. Mke wangu alikuwa akimrukia kila mara. Baadaye tulijifunza kwamba hiyo ni kinga ya mwili, kwani kwa mtoto mdogo kichefuchefu hicho huamshwa mbele zaidi ulimini kuliko kwetu sisi, na anayekohoa kwa sauti bado anavuta pumzi. Wa kuogopewa ni yule anayenyamaza.

Mama wa Fuoni

Mimi sikuja kukukataza, dada, ila ninaomba usikie na upande wa pili, kwa kuwa niliifuata njia hii kwa ukali na mwanangu akaumia.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba kijiko hakitaingia kinywani mwake. Kila siku alikaa na vipande vyake vya ndizi, boga na kiazi, akavibinya, akajipaka mpaka kwenye nywele, na mimi nikafurahi kumwona ana hamu. Sikuhesabu kilichofika tumboni. Alipofika miezi tisa, kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala kwa miezi miwili, viganja vyake vilikuwa vyeupe, na alipopimwa damu ilionekana ni pungufu. Mhudumu aliniuliza swali moja tu: katika vyote hivyo, kipi kinaongeza damu? Sikuwa na jibu. Tena nilikuja kugundua kwamba mchana, nikiwa kazini, alikuwa akionjeshwa chai ya rangi na majirani, nayo chai huzuia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula.

Tulimtibu, tukamwanzishia maini ya kuku yaliyopondwa, samaki, na uji uliotiwa unga wa dagaa, kwa kijiko, huku vipande vyake akiendelea kuvishika mwenyewe. Sasa ana mwaka na miezi minne na anakula biriani. Lakini ile miezi mitatu bado inaniuma, kwa sababu niliithamini njia kuliko mtoto.

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake

Mwanangu wa Wete, nimefanya kazi ya kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na ninaona wenzangu wawili waliotangulia wamesema kweli.

Kwanza tutazame kama mtoto yuko tayari, maana umri peke yake hautoshi. Aweze kukaa akiwa ameshikiliwa kidogo tu, shingo yake iwe imara, ashike kitu na kukifikisha kinywani, na ulimi wake uwe umeacha kusukuma nje kila kinachoingia. Kwa maelezo yako binti yako amefika. Kila anapokula awe amekaa wima, ama mbele yako kwenye jamvi au mapajani, asilishwe hata mara moja akiwa amelala chali au akitambaa, na asiachwe peke yake.

Kuhusu usalama, ulifanyika utafiti New Zealand, ukachapishwa mwaka 2016, ukifuatilia zaidi ya watoto 200. Wazazi wa kundi moja walifundishwa kuwaacha watoto wajilishe na wakaelekezwa vyakula vya kuepuka; kundi jengine liliendelea kama kawaida. Watoto waliojilisha hawakusakamwa zaidi kuliko wengine. Lakini zingatia kwamba wazazi wale walifundishwa kwanza, na hata hivyo katika makundi yote mawili wapo wengi waliowapa watoto vyakula vya hatari. Kwa upande wetu vyakula hivyo ni karanga na korosho, zabibu nzima, karoti na embe mbichi, vipande vya nazi, na ubuyu, ambao watoto wakubwa hupenda kuwagawia wadogo zao kwa mapenzi.

Pili ni damu. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa inakwisha kiasi cha miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Ndiyo sababu maini, nyama, samaki na dagaa viwemo tangu mwanzo, na kunde au mbaazi ziandamane na kitu chenye vitamini C kama vile papai au chungwa. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji milo miwili au mitatu kwa siku pamoja na maziwa ya mama. Usikimbilie dawa ya kuongeza damu dukani kabla hajapimwa. Hapa hapa Pemba ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, ambapo watoto walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki bila ya kupimwa mmoja mmoja, wakati malaria ilikuwa nyingi. Sehemu hiyo ya utafiti ilibidi isimamishwe kwa kuwa waliolazwa na kufariki walizidi. Chuma kilichomo katika chakula hakina wasiwasi huo.

Uji usimame kwenye kijiko usimwagike. Ule wa mkwe wako uliochujwa unajaza tumbo kwa maji, na huenda mtoto anaukataa kwa sababu hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lenyewe linaanza na chakula kilichopondwa katika miezi sita na kueleza kwamba kufikia miezi minane watoto wengi huweza kula vipande kwa mkono. Basi wewe umetangulia kidogo tu, na si lazima uchague kimoja uache chengine. Mpeni vipande ashike, na kijiko cha maini au samaki kiwe pembeni, naye akifunga mdomo msimlazimishe. Chumvi msitie katika chungu chake, toeni fungu lake kwanza, na papa mkavu asionje. Asali pia, hata ya kulamba, isimfikie mpaka atimize mwaka, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Tatu, wewe na mkwe wako nyote mjifunze jambo hili, kwa vitendo, mbele ya mhudumu wa kituo chenu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akinyamaza ghafla, hawezi kulia wala kukohoa na midomo ikabadilika rangi, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kwa kitako cha kiganja baina ya mabega mara tano. Kisipotoka, mgeuze, umkandamize katikati ya kifua mara tano, kisha urudie, na mwengine awe anatafuta gari. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, kwani utakizamisha.

Bibi wa Makunduchi

Mjukuu wangu, mimi ni mkwe pia. Usimsomee mzee mwenzangu maandishi ya simu. Aliyeona mtoto akifa hafundishwi kwa maneno, na ukimwonyesha kwamba Wazungu wanajua kuliko yeye, atakuachia mtoto wako na mlezi atakuwa huna. Mwombe akufundishe kuchambua samaki. Kisha samaki huyo huyo aliyemchambua yeye kwa mkono wake mtoto ampokee kutoka kwake.

Mama wa Wete

Ninarudi baada ya siku kumi na moja kuwashukuru, na khasa bibi yangu wa Makunduchi, kwa kuwa nilianza na shauri lake. Ijumaa nilinunua kipande cha nguru, nikamwomba mkwe wangu anisaidie. Alikichambua kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaniita nimwangalizie taa, na huku akichambua alinieleza habari za yule mtoto, jina lake na nguo aliyokuwa amevaa siku ile. Sikumkatiza. Alipomaliza alimweka mjukuu wake mbele yake, akamtilia kidogo katika kiganja. Mtoto alikohoa mara moja, mkwe wangu akanishika mkono kwa nguvu sana, kisha mtoto akameza na kutaka tena.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kituoni, tukafanya mazoezi ya kupiga mgongo kwa mwanasesere. Aliomba arudie mara tatu. Tumekubaliana kwamba asubuhi, anapokuwa naye peke yake, atampa uji mzito wenye unga wa dagaa kwa kijiko, na vipande vitasubiri nitakaporudi ili macho yawe manne. Uji huo mzito mtoto anaula bila ya ugomvi.

Limebaki moja. Karafuu zimeanza kuingia, na mbele ya nyumba kuna majamvi mawili yaliyoanikwa kutwa nzima, wakati huo mtoto ameanza kujiburura kwa tumbo na kila anachokiokota hukipeleka kinywani. Kuzihamisha hatuwezi. Waliolea watoto wachanga katika msimu huu walifanya nini?

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake

Sisi tulianika upande wa nyuma, na mlango wa nyuma tukauwekea ubao wa kufika magotini. Watu wazima walikuwa wakiuruka. Na wanaochambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, jioni wakung'ute nguo zao nje kabla ya kuingia na kumpakata, kwa sababu karafuu moja iliyonasa kwenye pindo la kanga ndiyo atakayoiona yeye kwanza.

Baba wa Jambiani

Ubao huo uwe laini na usiwe na pengo chini. Wangu alipita chini yake.