Luxembourg au Liechtenstein: ipi ifundishwe kama mfano wa nchi ndogo isiyopakana na bahari?

Mwalimu_Kasulu

Salaam wanajukwaa. Ninafundisha jiografia kidato cha tatu, na muhula ujao nina vipindi viwili vya kueleza namna nchi ndogo isiyopakana na bahari inavyoweza kujiendesha. Mfano wa karibu tunao, kwa kuwa Burundi ni jirani yetu na wanafunzi wangu wengi wana ndugu ng'ambo ya mpaka. Ningependa kuweka pembeni yake nchi moja ya Ulaya, nami nimebaki na Luxembourg na Liechtenstein. Naomba aliyeishi au kufanya kazi huko anisaidie kuchagua, maana ramani pekee haiwezi kunieleza watu wanavyoishi.

Abiria_wa_Trier

Mwalimu, mimi ninaishi Trier, upande wa Ujerumani, na kila siku ya kazi ninavuka kwenda Luxembourg. Nchi ina kilomita za mraba 2,586, yaani ukijumlisha Unguja na Pemba unapata eneo linalokaribia hilo, na wakazi wake ni takriban 670,000, ambao karibu nusu yao si raia. Zaidi yao tuko wengine zaidi ya 200,000 tunaoingia asubuhi kutoka Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji, na kutoka jioni.

Treni yangu inavuka mpaka Wasserbillig, mji mdogo ambao barabara yake imepangwa vituo vya mafuta mfululizo, kwa sababu kodi ya mafuta ni ndogo kuliko ya majirani, na Wajerumani huja kujaza matangi. Hakuna anayekuuliza chochote pale. Tiketi ninalipia hadi mpakani tu, kwa kuwa tangu mwisho wa Februari 2020 usafiri wa umma ndani ya Luxembourg ni wa bure, iwe treni, basi au tramu, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Mtu akisalimu husema "Moien", ambalo ni neno la Kiluxembourg, kisha mazungumzo yanaweza kuhamia Kifaransa au Kijerumani. Sheria ya 1984 ndiyo iliyoitambua lugha hiyo ya nyumbani kuwa lugha ya taifa.

Utajiri wao haukuanzia kwenye benki, na jambo hili naomba usiliruke. Ulianzia kwenye madini ya chuma ya kusini, na viwanda vya chuma viliposhuka miaka ya 1970 nchi ikageukia benki na mifuko ya uwekezaji. Huko Belval, karibu na Esch-sur-Alzette, matanuri makubwa ya kuyeyushia chuma yameachwa yasimame, na chuo kikuu cha taifa kimejengwa ubavuni mwake. Upande mchungu ni kodi ya nyumba: mimi na mke wangu tunalala Ujerumani kwa sababu mshahara wa Luxembourg hautoshi kupanga Luxembourg.

Binti_Mkunazini

Mwalimu wangu, naitetea Liechtenstein, ambako nimefanya kazi miaka kadhaa huku nikiishi Feldkirch, Austria. Kilomita za mraba 160, watu takriban 40,000, mji mkuu Vaduz. Imezungukwa na Uswisi na Austria, ambazo nazo hazina bahari, kwa hiyo ili kuifikia pwani ni lazima uvuke nchi mbili. Duniani ni Uzbekistan peke yake iliyo katika hali hiyo pia.

Kinachonivutia ni jinsi ilivyochagua wazi mambo ya kumwachia jirani. Jeshi ilivunja 1868. Mkataba wa forodha na Uswisi ulitiwa saini 1923, na fedha inayotumika ni faranga ya Uswisi. Uwanja wa ndege haina, na treni zinazopita huendeshwa na shirika la reli la Austria. Hata hivyo si nchi ya kubebwa: viwanda vipo, Hilti wanaotengeneza mashine za ujenzi wana makao makuu yao Schaan, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi hulala nje ya mipaka kama mimi. Ila waeleze wanafunzi wako, hasa wasichana, kwamba wanawake wa huko walipata haki ya kupiga kura ya taifa mwaka 1984 tu.

Mchukuzi_Kigali

Ninyi nyote mmesahau mzigo. Sisi Rwanda kontena letu hushuka Dar es Salaam likapita Rusumo, au hushuka Mombasa likavuka Uganda, na kila siku ya kusubiri ni gharama. Luxembourg inafaa zaidi kwa somo kwa sababu ina bandari ya mtoni huko Mertert, ambako meli hushuka mto Mosel hadi mto Rhine na kufika bandari za bahari. Isitoshe, ina daftari lake la usajili wa meli za baharini, ingawa haina ufukwe.

Kaka_wa_Lleida

Kwa ufupi, usijutie kuziacha Andorra na San Marino. Andorra ina historia tamu, kwa kuwa wakuu wake wa nchi ni wawili, Rais wa Ufaransa na Askofu wa Urgell, lakini inaishi kwa watalii wa theluji na maduka. San Marino imezungukwa na Italia pande zote, kwa hiyo haina jirani wa pili wa kulinganisha.

Mwalimu_Kasulu

Nawashukuru sana. Hoja ya mzigo imenishinda, kwa hiyo kipindi kikubwa kitakuwa cha Luxembourg, pamoja na kijiji cha Schengen, ambako mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli iliyokuwa mtoni Mosel. Lakini ningependa kufungua somo kwa picha ya Liechtenstein. Dada Binti, je, kuna mahali mpaka unaonekana kwa macho?

Binti_Mkunazini

Upo, Mwalimu. Kati ya Vaduz na Sevelen kuna daraja la mbao la mwaka 1901 juu ya Rhine, lenye kuta na paa kama nyumba ndefu. Ndani kuna giza kidogo, mbao hulia chini ya miguu, na katikati kabisa kuna alama ya mpaka ambapo mguu mmoja unakuwa Uswisi na mwingine Liechtenstein. Urefu wake ni mita 135. Wachoree mstari wa chaki uwanjani, kisha wapime umbali huo kwa hatua.